Mtoto Hali, na Ghala Limejaa

Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 uliipa Iringa nafasi ya kwanza katika jambo ambalo hakuna mkoa unaoligombea. Asilimia 56.9 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Njombe ikafuata kwa asilimia 50.4, Rukwa kwa 49.8, na wastani wa taifa ulikuwa 30. Hii ndiyo mikoa inayojaza malori ya mahindi, viazi na maharage yanayoteremka mlima Kitonga kila siku kwenda kulisha Dar es Salaam. Watu wa mikoa mingine wanatushangaa, na sisi wenyewe tunajishangaa.

Tangu takwimu hizo zianze kusomwa mikutanoni na redioni, mama wa huku anampeleka mtoto kliniki roho mkononi. Kadi ikifunguliwa, anatazama uso wa nesi kabla hajatazama mstari wa ukuaji. Akirudi nyumbani, mtoto wa miaka miwili akabana midomo mbele ya kijiko, mama haoni mtoto aliyeshiba au aliyechoka. Anaona udumavu umekaa pale mkekani. Kinachofuata wote tumekiona: kubembeleza, kutishia, kufoka, na mwisho kumkaba, yaani kumlisha kwa nguvu.

Nina watoto watatu, na kitinda mimba wangu, mwenye miaka mitatu, anachagua chakula kuliko wote waliomtangulia. Nimezaliwa Tukuyu, mkoani Mbeya, nimeolewa Iringa, kwa hiyo nimeona mtoto anayekataa ndizi na nimeona anayekataa ugali. Naandika kwa sababu naamini hofu yetu ni ya haki kabisa, ila tumeielekeza pasipo. Tunapigana na mdomo wa mtoto, na sahani iliyo mbele yake haiulizwi kitu.

Udumavu kwanza tuuweke mahali pake. Kudumaa ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake unavyotaka, na jambo hilo huanzia tumboni mwa mama na kwa kiasi kikubwa hutokea kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Ndiyo maana wataalamu wanazungumzia siku 1,000, tangu mimba hadi miaka miwili. Mama aliyelima na mimba kubwa huku damu yake ikiwa pungufu, mtoto aliyeanzishiwa maji au uji kabla ya miezi sita, kuhara kusikoisha, maji yasiyochemshwa, uji mwepesi mara mbili kwa siku: hayo ndiyo yanayodumaza. Mtoto wa miaka mitatu aliyekataa mchicha jana jioni hatadumazwa na mchicha huo. Mama akilijua hilo anapumua, na mama aliyepumua analisha vizuri zaidi.

Kisha kuna mwili wenyewe. Mtoto aliyezaliwa na kilo tatu, akifikisha mwaka anakaribia kilo tisa. Uzito wake umekaribia kuwa mara tatu. Mwaka unaofuata anaongeza kama kilo mbili au mbili na nusu tu. Kasi imeshuka, na hamu ya kula inashuka nayo. Mama aliyezoea mtoto wa miezi kumi anayedaka kijiko anashangaa huyu wa mwaka na nusu anaonja kidogo, kisha anaondoka kwenda kuchezea mifuniko ya sufuria. Hajaugua. Mwili wake hauna haja na chakula kingi kiasi kile. Halafu, kati ya miaka miwili na sita, watoto wengi huogopa chakula wasichokijua: rangi ngeni, harufu ngeni, hata ugali wa kila siku ukisongwa kwa dona siku moja wakati amezoea sembe. Huo ndio umri ambao mtoto anatembea peke yake na anaweza kuokota chochote akatia mdomoni, na wako watafiti wanaoona woga huo tangu zamani ni kinga dhidi ya sumu. Ulimi wake pia unausikia uchungu kuliko wetu. Mnavu ambao baba anausifu kwa ladha yake, kwa mtoto ni mchungu kweli kweli. Hadanganyi.

Sasa kukaba. Nieleze kunavyofanyika, maana tunakuona kila siku na hatukutazami. Mama anakaa chini, ananyoosha miguu, anamlaza mtoto chali mapajani. Mkono mmoja wa mtoto unabanwa kwapani kwa mama, wa pili unashikwa. Kiganja kinakingwa chini ya mdomo, uji unamiminwa pale, na mtoto akifunua mdomo kulia, uji unaingia. Akigoma, pua inabanwa. Anameza ili apate kuvuta pumzi. Uji mwingine unatiririka shingoni hadi mgongoni, mwingine anautapika, na akishatapika kikombe kinajazwa upya kwa sababu sasa tumbo liko tupu. Jirani anayepita anasema, "Mkaze huyo, asikuzoee."

Mtoto anayelia huku anamiminiwa uji anaweza kupaliwa, na uji ukiingia njia ya hewa unaweza kumwua hapohapo au kumwachia nimonia. Hilo peke yake linatosha kuacha. Lakini hata yule ambaye hajapaliwa kuna kitu amekipoteza. Baada ya muda anaanza kulia akisikia tu kijiko kikigonga kikombe, kabla hajaona uji wenyewe. Hofu inaifunga hamu ya kula, na anayekabwa kila mlo hapati nafasi ya kuijua njaa yake wala shibe yake. Mama anaona mtoto hali, anazidi kukaza. Mtoto anaona mama anakaza, anazidi kubana.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Mufindi, amelea watoto wengi na wajukuu zaidi. Tulikuwa tunachambua maharage nikamwuliza, "Mama, nyie mlikuwa mnawakaba?"

"Tuliwakaba, mwanangu," akanijibu bila kusita. "Shamba lilikuwa mbali. Ukimsubiri mtoto aonje-onje, jua limeshapanda. Unamjaza, unambeba, unaondoka."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Kukaba kumezaliwa na haraka. Mvua zikianza Novemba mpaka Machi, mwanamke wa huku anashinda shambani. Mtoto anabaki nyumbani na dada yake wa miaka saba na uji uliopoa, au anakwenda mgongoni na kula saa wanayokula wakubwa. Usiku chakula kinaiva saa mbili au saa tatu, na mtoto wa miaka miwili alishasinzia tangu saa moja. Anaamshwa, analishwa macho yamefumba, anasukuma kijiko, anaitwa msumbufu. Huyo ana usingizi tu. Kwa hiyo ninaposema tusiwakabe watoto, maneno hayo siyaelekezi kwa mama peke yake. Baba anayetaka mtoto wake akue anaweza kuchota maji, kupasua kuni, au kukaa na mtoto ili moto uwashwe saa kumi na moja. Chakula cha wote kikiiva kabla ya giza, nusu ya ugomvi imekwisha.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliigawa kazi ya kulisha kwa namna ambayo imeenea kwa walezi wengi duniani. Mzazi anaamua chakula gani kiliwe, saa ngapi na mahali gani. Mtoto anaamua kama atakula na ale kiasi gani. Mzazi akiingilia kazi ya mtoto, kunakuwa na vita. Mtoto akiachiwa kazi ya mzazi, anaishi kwa biskuti na soda. Naupenda mgawanyo huu kwa sababu haumvui mzazi mamlaka. Unamwonyesha tu mamlaka yake yanapoishia, nayo yanaishia kwenye midomo ya mtoto.

Kabla yake, miaka ya 1920 na 1930, daktari Clara Davis aliwaacha watoto 15 waliotoka kuachishwa ziwa wajichagulie chakula, katika jaribio ambalo sehemu yake kubwa ilifanyika Chicago. Mbele yao ziliwekwa nafaka, nyama, maini, mayai, maziwa, mboga na matunda, kila kitu kwenye chombo chake. Mlezi alikatazwa kushawishi hata kwa uso; alisubiri mtoto anyooshe mkono ndipo amsaidie. Milo yao ilikuwa ya ajabu. Kuna asubuhi mtoto alikunywa maji ya machungwa kwa wingi na kula maini, basi. Lakini wote walikua na afya njema. Wanaolisimulia jaribio hili husahau alichokisisitiza Davis mwenyewe: siri ilikuwa katika vyakula alivyovipanga. Hapakuwa na sukari wala unga uliokobolewa. Mtoto hakuweza kuchagua vibaya kwa sababu kibaya hakikuwepo.

Sasa tuje kwetu. Tukimwachia mtoto wa Iringa achague, achague kati ya nini na nini? Asubuhi uji wa sembe na sukari. Mchana ugali wa sembe na maharage. Usiku ugali wa sembe na chainizi. Mtoto huyu akiuchoka ugali anakuwa amekataa kitu kimoja, lakini kwa kuwa hakuna kingine, tunasema amekataa kula. Na nje ya mlango kuku wanataga, mayai yanapangwa kwenye trei yapelekwe sokoni. Maparachichi ya Njombe na Rungwe yanafungwa kwenye maboksi kwenda Ulaya, na yale yasiyopita kipimo cha mnunuzi yanaoza chini ya mti. Lile lililokataliwa kwa kuwa ganda lake lina alama, lipasue, liponde na kiazi kilichochemshwa, tia chumvi kidogo, mpe mtoto. Lina mafuta ambayo ugali hauna, ni laini, na mtoto anayeuchukia ugali mara nyingi atalipokea.

Kingine kinachosahaulika ni ukubwa wa tumbo. Tumbo la mtoto mdogo linabeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo nane, basi, hapokei zaidi ya gramu 240 kwa mlo, yaani kikombe kimoja cha chai. Ukikijaza kikombe hicho uji mwepesi wa mahindi, umemjaza maji. Akikikataa cha pili anasema ukweli: pamejaa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mtoto anayenyonya, kuanzia miezi tisa, ale angalau mara tatu kwa siku, na asiyenyonya angalau mara nne.

Iringa ilishayajua haya. Mwaka 1983 serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha za Italia, walianzisha hapa mpango wa lishe katika vijiji 168. Wakati huo Njombe yote ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Watoto walipimwa uzito kijijini kwao, na majibu yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe. Mojawapo ya mambo yaliyoonekana wazi ni kwamba watoto walilishwa mara chache mno, na chakula chenyewe kilikuwa kingi kwa ujazo na kidogo kwa nguvu. Utapiamlo mkali ukapungua. Mchoro wa UNICEF wa mwaka 1990 unaoonyesha visababishi vya utapiamlo, ambao wanafunzi wa lishe wanaujua duniani kote, ulichota mengi katika uzoefu wa Iringa. Inaniuma kwamba wazazi wengi wa umri wangu hawajawahi hata kuusikia mpango huo. Dunia ilikuja kujifunza kwa mama zetu, na sisi binti zao tunauliza upya.

Miaka hiyohiyo wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe walikuwa wanakifanyia kazi kitu ambacho wapika komoni, pombe yetu ya kienyeji, wanakijua toka zamani: kimea. Huwa nakitengeneza nyumbani. Ulezi unauloweka usiku kucha, unauchuja, unaufunika kwa kitambaa chenye unyevu mahali penye joto. Mwezi wa Juni Iringa ni baridi, kwa hiyo beseni langu linakaa karibu na jiko la mkaa, upande wa ukutani. Baada ya siku mbili tatu vinatokeza vichipukizi vyeupe, vyembamba. Unauanika juani mpaka ukauke kabisa, unaupukuchua kwa viganja vichipukizi viachie, unaupepeta, unausaga. Unga wake una harufu ya utamu kwa mbali.

Halafu unapika uji mzito, wa mwiko kusimama, ambao mtoto wa mwaka mmoja hawezi kuumeza. Epua, uache upoe mpaka uweze kuuonja bila kuungua, maana moto mkali unaua nguvu ya kimea. Tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha mkono unahisi uzito unapungua, mwiko unainama taratibu mpaka unaegemea ukingo wa sufuria, na katika dakika chache uji umekuwa wa kunywa bila kuongezwa hata tone la maji. Vimeng'enya vya kimea vimeukatakata wanga. Urudishe jikoni uchemke tena ili kuua vijidudu, kisha mpe mtoto. Kikombe ni kilekile, lakini chakula kilichomo ndani si cha kulinganisha na uji mwepesi, na utamu wake wa asili unafanya sukari isihitajike. Ongeza maziwa, au dagaa wa Nyasa waliokaushwa, kutolewa vichwa na kusagwa laini, nusu kijiko tu mwanzoni ili harufu isimshtue.

Nasema haya kwa sababu fedha nyingi za mama wa mjini zinakwenda kwenye ule unga wa lishe wa mchanganyiko: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga, vyote mashine moja. Nafaka tano bado ni nafaka. Ni kundi moja la chakula limeandikwa mara tano. Soya haiivi kwa muda mmoja na mahindi, na karanga zikikaa kwenye unga zinaharibika haraka, zinaweza kubeba sumukuvu. Nunua nafaka moja safi, na hizo fedha zilizobaki zinunue mayai.

Halafu chai. Tuko katika nchi ya chai: Mufindi, Njombe, Rungwe, milima yote ni ya kijani kwa ajili yake, na mtoto anapewa kikombe cha chai ya rangi kabla meno hayajatimia. Saa nne chai yenye sukari na andazi, saa saba mtoto "hali". Kwani hakula? Ameshakula andazi. Na chai ya rangi ikinywewa pamoja na mlo inauzuia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga za majani, na mtoto aliyepungukiwa chuma anapoteza hamu ya kula. Kwa watoto wadogo chai ya rangi haina kazi, nalisema bila kupepesa. Kwetu Tukuyu tatizo linaweza kuwa maziwa yenyewe: mtoto anatembea na chupa ya maziwa asubuhi hadi jioni, na chakula hakina pa kuingia. Maziwa ni mazuri baada ya mlo au kwa saa yake. Kati ya mlo na mlo, kwa kiu maji yanatosha. Asusa nayo iwe na saa: ndizi mbivu, yai la kuchemsha, kipande cha parachichi. Karanga nzima usimpe mtoto mdogo hata kama analia, zinakaba koo. Zisage.

Kuhusu kula pamoja nina msimamo ambao baadhi ya wakwe zangu hawaupendi sana. Nalipenda sinia. Mtoto anajifunza kula kwa kutazama, na utafiti umeonyesha kwamba mtoto hupokea kwa urahisi chakula kigeni akimwona mtu mzima naye anakila chakula hichohicho. Kumlisha mtoto peke yake uani saa kumi na moja, kisha wakubwa wakala saa tatu, ni kumnyima shule. Lakini sinia lina ukatili wake kwa mdogo. Mkono wake ni mfupi, anatafuna taratibu, na akimaliza tonge la pili samaki amebaki miiba. Hakuna anayejua amekula kiasi gani. Kwangu mkeka ni mmoja, mboga ni moja, ila mdogo ana bakuli lake. Nampakulia kidogo: matonge madogo, kijiko cha maharage, mboga pembeni, visigusane, kwa sababu vikigusana anasusa vyote. Akitaka zaidi anaomba. Bibi yake akija anamega tonge, anabonyeza kishimo kwa dole gumba, anachota mchuzi, anaweka kwenye bakuli la mjukuu na kuendelea kula chake. Mdomoni hamwekei. Mara nyingi tonge hilo linaliwa.

Na kwenye bakuli hilo utajifunza mengi ukitazama bila kusema. Mtoto wangu anatafuna haragwe, anasukuma ganda kwa ulimi, analitoa kwa vidole viwili, analibandika ukingoni. Mpaka mwisho wa mlo maganda yamepangwa mstari. Shangazi yake aliuona ule mstari akasema, "Huyu ana ujeuri." Lakini hesabu ya maganda ndiyo hesabu ya maharage aliyoyameza. Alichokuwa anakataa ni ganda tu. Sehemu yake sasa naiponda kwa mwiko yakiwa bado ya moto, naunga na karanga za kusaga, na hakuna tena mabishano juu ya maharage. Mwingine anakataa nyama kwa sababu hana magego ya kuitafuna, anaiweka shavuni nusu saa. Mkatie vipande vidogo kabisa au mpe maini. Ugali uliopoa unaota ngozi juu, hasa baridi hii ya huku. Mtoto anausukuma, nasi tunasema hapendi ugali.

Mnavu unataka subira zaidi. Watafiti wa ulaji wa watoto, Leann Birch akiwa miongoni mwa walioanza kulipima jambo hili, wamekuta mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kigeni mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hajakikubali. Sisi wazazi huwa tunatangaza "mboga hii haipendi" kwenye mara ya tatu. Mnavu wa mtoto uchanganye na mchicha, uunge na karanga, weka kijiko kimoja tu bakulini, na usiseme kitu. Usimsifu dada yake aliyemaliza. Asipougusa, ondoa chombo kwa uso uleule uliokuja nao, na wiki hiyohiyo uweke tena. Kuonja na kutema ni hatua, usimgombeze. Na aliye mjamzito aanze sasa: Julie Mennella na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti ulioonyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa ujauzito au wakinyonyesha waliipokea ladha ya karoti vizuri zaidi walipoanza kula. Mnavu na dagaa anavyokula mama, mtoto anavionja kabla hajaviona.

Simu yenye katuni inafungua mdomo, kweli, lakini anayekula ni mtoto asiyejua kama anakula. Pipi ya kumlipa aliyemaliza mboga inamfundisha kwamba mboga ni adhabu. Kumtisha kwa sindano ya daktari kunakuja kutusumbua siku ya chanjo.

Na baba nyumbani. Kuku akichinjwa, firigisi na ini vya baba. Naheshimu mila, na mume wangu anaiheshimu, lakini ini lina chuma ambacho mtoto wa mwaka mmoja anakihitaji kuliko mtu mzima. Mume wangu alilikata mwenyewe, akamwekea mtoto bakulini, mbele ya wageni. Siku hizi mtoto akiona kuku anauliza ini lake. Baba akikaa mkekani akala mchicha ule wa nyumbani, anafundisha kuliko mimi nikizungumza mwezi mzima; akila nyama choma mjini na kurudi ameshiba, mtoto anaiona nafasi yake tupu na anaelewa chakula cha nyumbani ni cha akina nani.

Haya yote ni kwa mtoto anayechagua lakini anakimbia, anacheza, na mstari wake kwenye kadi unapanda. Yuko mwingine, na huyo asichanganywe na mchaguzi. Mstari wake umelala miezi miwili au umeshuka. Anapaliwa karibu kila mlo. Anatapika mara kwa mara, au kuhara kumepita wiki mbili. Anakula udongo, viganja vimepauka, anachoka mapema kuliko wenzake. Miguu inavimba. Au anaacha vyakula alivyokuwa anavila, kimoja kimoja, mpaka vimebaki viwili vitatu. Inaweza kuwa upungufu wa damu, minyoo, vidonda kooni, au jambo jingine ambalo bakuli la mboga haliwezi kulitibu. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo hutolewa Juni na Desemba, yasikupite. Lakini mtoto huyu usimsubirishe Juni, wala tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mpeleke kesho asubuhi, na ukifika mweleze mhudumu anakula nini, mara ngapi kwa siku, na nani anamlisha wewe ukiwa shambani, maana mizani haitamwambia hayo.